Kutoka Kontena Hadi Nyumba ya Mawe: Wikendi Ndefu Kusini mwa Likoni

Watu wa Nairobi wakichoshwa na mji wao hupanda treni wakaja Mombasa. Sisi wa Mombasa tukichoka twenda wapi? Nairobi huendwa kwa sababu ya kesi, harusi au mgonjwa; hakuna aendaye kule kupumzika. Mdogo wangu jibu lake ni kuvuka feri. Ana mazoea ya kukesha na simu akitafuta nyumba zisizofanana na nyumba: vibanda vya duara, mahema yenye bafu, mashua zilizopandishwa nchi kavu zikatiwa vitanda. Safari hii Jumatatu ilikuwa sikukuu, basi akapanga kila usiku na nyumba yake: Diani, kisiwani Wasini, kisha mlimani Kwale. Kazi yangu ilikuwa kuchangia nusu ya gharama na kutolalamika. Hiyo ya pili ilinishinda mapema.

IJUMAA

Tuliondoka mjini baada ya swala ya Ijumaa. Feri ya Likoni haimtozi kitu aendaye kwa miguu, na kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Safari hasa ni kule kusubiri bandani, umebanwa baina ya mama mwenye ndoo ya samaki na kijana mwenye godoro kichwani. Wenye magari siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu. Wazunguka kwa Miritini na Mwache wakatokea Kibundani bila kuiona Likoni. Sisi tulikuwa na mikoba na miguu yetu.

Ng'ambo, makanga walikuwa wakiita "Ukunda wawili, wawili wa mwisho!" kwenye matatu isiyokuwa hata na nusu ya abiria. Tukaingia, tukangoja hao wawili wa mwisho wakawa kumi. Ukunda tukabadilisha tuktuk, tukakata kuelekea Diani, tukaacha lami, tukafika kwenye kiwanja chenye mwarobaini mmoja na kontena moja.

Mimi nafanya kazi ya klaringi. Mchana kutwa nashughulika na makontena: lipi limeshuka melini, lipi limekwama, lipi lahesabiwa siku za kukaa bandarini huku mwenye mzigo akinipigia simu kila saa. Ndiyo maana nilipoona kile mdogo wangu alichokilipia nilisimama pale kwenye lango nikacheka mpaka kijana wa kutunza nyumba akaingiwa na wasiwasi.

"Karibuni, dada zangu. Wageni wote hupenda kupiga picha hapa mlangoni."

Lilikuwa kontena la futi 40, limepakwa rangi ya samawati, limekatwa dirisha kubwa la kioo ubavuni, na makomeo yake ya chuma yameachwa mlangoni yawe pambo. Nikaenda moja kwa moja kuangalia namba. Ukisimama upande, jua likipiga kwa mshazari, herufi zilikuwa zasomeka bado chini ya rangi: nne, ya mwisho U, kisha tarakimu saba. Kila kontena linalosafiri duniani huandikwa hivyo, na ile tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, ili karani akikosea herufi moja tu mashine imkamate. Namba hizi nazijaza kwenye fomu kwa mkono wa mazoea. Kulala ndani ya mojawapo, tena kwa pesa yangu, sikupata kukuwaza.

Nitasema haki: ndani palikuwa pasafi. Jiko dogo, bafu la vigae vyeupe, mito iliyoshonwa kwa kitenge, kitanda cha tano kwa sita kimesukumwa mwisho kabisa. Lakini kontena upana wake wa nje ni futi 8, na ndani hupungua tena kwa mbao zilizopigiliwa kuficha chuma. Mmoja wetu akitaka kupita kwenda bafuni, mwenzake sharti akae kitandani. Lile dirisha kubwa lilielekezwa magharibi kwa ajili ya machweo. Machweo yenyewe yalikuwa nyuma ya ukuta wa jirani, kwa hiyo tulichopata ni joto lake bila sura yake.

"Je, joto?" nikamuuliza yule kijana.

"AC ipo, dada. Hamtahisi kitu."

Umeme ukakatika saa tatu usiku.

Nilijua kitakachofuata, maana nimewahi kusimama ndani ya kontena tupu yadini saa nane mchana nikikagua mzigo, na ndani ya dakika tano shati lilikuwa la kukamua. Chuma hushika jua kutwa na hulirudisha usiku. Ukiweka kiganja ukutani, nyuma ya ile mbao, kuta zilikuwa zatoa joto kama chuma cha chapati kilichoteremshwa sasa hivi jikoni. Vile vitundu vidogo vya hewa vilivyoko juu pembeni vilizibwa na fundi, labda kwa kuogopa mbu. Mdogo wangu, aliyekuwa ameshatuma picha za mlango kwa kila amjuaye, akavumilia nusu saa kwa ajili ya heshima. Kisha tukabeba godoro nje, tukalitandika kwenye baraza ya mbao, na kijana yule, ambaye kwa kweli hakuwa na hatia yoyote, akapanda mwarobaini kutufungia chandarua. Chini ya mti tulilala vizuri sana.

Sisemi kontena haliwezi kuwa nyumba. Liwekee paa la makuti juu yake, limeachana nalo kiasi cha dhiraa moja, upepo upite katikati. Toboa huku na huku ili hewa iingie kusi itoke kaskazi. Geuza kioo kitazame bahari. Hapo utaniita. Hili la Diani liliwekwa pale kwa sababu ya picha, na picha haina joto.

JUMAMOSI

Ukunda asubuhi tukanywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi kwa mama mmoja kando ya stendi, kisha matatu ya kwenda Lunga Lunga ikatuteremsha kwenye njia panda ya Gazi.

Gazi haikuwa kwenye mpango wa mdogo wangu kwa kuwa hakuna nyumba ya kulala aliyoipenda. Mimi ndiye niliyeshikilia. Ni kijiji kilichonyamaza, minazi na vichochoro vya mchanga, na katikati yake nyumba kubwa ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, ambayo siku hizi yatumika kama shule. Mbaruk ndiye aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, akakimbilia upande wa Wajerumani mwaka uliofuata, akafia Dar es Salaam. Ilikuwa Jumamosi, watoto hawapo, tukaizunguka kwa nje tu. Mabibi wa mjini waliokwenda likizo wakichungulia darasa la watu.

Nililolifuata Gazi ni mikoko. Kuna daraja la mbao lililojengwa na kina mama wa kijiji, lapita juu ya tope katikati ya msitu, na wao wenyewe ndio hutembeza wageni na kuwapikia. Ghuba hii ina aina zote 9 za miti ya mikoko inayoota Kenya. Mama aliyetuongoza alizitaja huku akizigusa kwa kidole, bila haraka: mkoko, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi. Alipofika kwenye mkandaa akaukamata kwa kiganja akaupima unene.

"Huu bado fito," akasema. "Ukinenepa huwa pau, kisha mazio, kisha ndio boriti. Ukipita hapo ni nguzo."

"Na boriti, mama, hukatwa urefu gani?"

"Wategemea nini utaupandisha juu yake, mwanangu. Dari ya zamani ni mawe na chokaa, si mabati haya. Ukiurefusha mti, wabonyea. Ndio vyumba vya wazee vikawa vyembamba. Si kwamba hawakutaka vikubwa."

Ningelipa nauli ya safari nzima kwa hilo peke yake. Miaka yote nimepita Mji wa Kale, nimeingia nyumba za jamaa, nimeona vyumba virefu vyembamba kama ushoroba, na sikuwahi kujiuliza. Upana wa nyumba ya Mswahili ulipimwa na mti uliomo baharini. Boriti hizi ziliuzwa kwa korja, miti 20 kwa kila korja, zikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba kujenga dari za huko, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Leo Gazi msitu huo walipwa kwa kusimama. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013, wahifadhi hekta 117, huuza hewa ukaa iliyoshikwa na miti na tope lake, na pesa zake zimeleta maji kijijini na vitu vya shule.

Kina mama wakatupa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tukala tukanyamaza.

Njia ya kwenda Shimoni yapita Ramisi, penye miwa kila upande na magofu ya kiwanda cha sukari cha zamani, kisha waachana na lami kuu na kukata kushoto. Tulipanda boda, kila mtu yake, mkoba mbele ya dereva. Shimoni ina pango walimofungiwa watumwa kabla ya kupakiwa, na nawasihi wasiowahi kuingia waingie. Lakini jua lilikuwa lashuka na nahodha alikuwa ashapiga simu. Mashua, mlango wa bahari, dakika chache, na tuko Wasini.

Wasini hakuna gari hata moja. Hakuna pikipiki vile vile. Kilichokuwa kikisikika ni kuku na mtu apigaye nazi.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya zamani, imetengenezwa hapa na pale kwa saruji lakini mwili wake ule ule. Kuna baraza ya mawe nje, daka, mlango mzito. Mwenyewe, bibi mmoja mwembamba mwenye kanga ya rangi ya ndimu, akatupokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Viatu hapo. Mwatoka Mombasa? Poleni na makelele."

Chumba kilikuwa chembamba. Nikanyoosha mikono nikapima: pima moja na nusu, haifiki. Yaani, ukitoa inchi chache, upana ni ule ule wa kontena la jana. Nikamwambia mdogo wangu, hakuniamini. Akapima mwenyewe kwa hatua, akarudi akapima tena. Tulikuwa tumelipa mara mbili kwa chumba cha upana mmoja, na jana tulikimbia nje na leo hatukutaka kutoka.

Basi nikakaa nikakichunguza. Ukuta unene wake wazidi dhiraa, wa mawe ya matumbawe na chokaa. Jua la mchana huanza kuupenya na kabla halijafika ndani usiku ushaingia. Dari iko juu sana, joto lina pa kwenda. Boriti zimepangwa karibu karibu, na kati yake vipande vya mawe vyaonekana, na kila boriti imeachiwa ganda kidogo kwenye ncha inapoingia ukutani. Madirisha ni madogo na yako juu. Vidaka vya ukutani, ambavyo watalii hupenda kuviwekea mishumaa, bibi alikuwa ameweka kurani, dawa ya presha, chaja ya simu na bakuli la pilipili. Chumba cha ndani zaidi ndicho chenye baridi zaidi, na humo alitulaza.

Chakula kilikuwa kaa wa mchuzi wa tangawizi na mkate wa kumimina. Bibi alituonyesha namna ya kuvunja gando kwa jiwe bila kuipasua nyama, akanitoa kwenye zamu baada ya majaribio yangu kumrukia mdogo wangu usoni.

Usiku wa manane mvua ikaja.

Vuli ilikuwa bado haijaanza rasmi, na upepo ulikuwa wa tanga mbili, haueleweki. Tulisikia kwanza mlango, kisha sauti ya bibi ikiita wajukuu majina yao yote kwa mkupuo. Tukatoka na tochi. Mvua ilikuwa kubwa. Wajukuu walikuwa wameshapanda sakafu ya juu na mafagio ya chelewa, wanasukuma maji yaanguke nje, mbali na bomba. Bibi amesimama chini kizingitini, kanga imelowa, mkono mmoja ameushika mdomo wa bomba lililogeuzwa kando.

"Haya ya mwanzo si yetu," akasema. "Haya ya ndege na vumbi."

Akakinga kiganja chini ya bomba, akamulika tochi, akayaangalia yale maji yaliyomo mkononi. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akamwaga. Akangoja, akakinga tena. Safari ya tatu au ya nne yakawa meupe, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akaita, "Geuza!" Mjukuu mkubwa akaliinua bomba akaliingiza kwenye jabia, birika la maji la chini ya ardhi, ambalo mdomo wake ulifungwa kitambaa cha kanga kuukuu kwa kamba ya mnazi. Kisha ikawa ni ile sauti ya maji yakiangukia maji, ndani chini ya ardhi, na wote wakasimama wakisikiliza kwa muda kana kwamba wanahesabu.

Kisiwani visima ni vya maji ya chumvi na hakuna mto. Kwa bibi mvua ndiyo bomba. Paa la nyumba ni bapa si kwa urembo. Ni sinia la kukingia. Sakafu yake ina mteremko mdogo usiouona kwa macho, ila maji yaujua. Mimi naishi ghorofani Tudor, ambako mfereji hukohoa mara chache kwa wiki, na siku nyengine zote nanunua maji kwa mtungi kutoka kwa kijana wa mkokoteni anayenipandishia ngazi kwa ziada. Juu ya jengo letu kuna paa kubwa la zege, na kila msimu wa mvua maji yake yote humwagika barabarani yakaungana na ya jirani tukafurika hadi vifundoni. Nilisimama pale kizingitini nikifikiria hilo kwa hasira kidogo.

JUMAPILI

Tuliamka mchelewa. Wenye kutaka pomboo huondoka alfajiri na mashua kwenda Kisite, sisi tukabaki.

Mchana kidogo, maji yakiwa yamepwa, tukaenda kwenye bustani ya matumbawe nyuma ya kijiji. Ni miamba ya kale iliyoinuka kutoka baharini, imeliwa na mawimbi ikawa na maumbo ya kila namna, na kina mama wa Wasini wamejenga njia ya mbao juu yake kama wenzao wa Gazi. Bamvua likija, bahari hurudi ndani na miamba ile husimama majini. Nilikuwa na swali nililolala nalo: zile nyumba za mawe, yaweza kujengwa nyengine leo?

Bibi alitujibu wakati wa chai. Mawe ya kawaida ya ukutani huchimbwa nchi kavu, na hayo yapo mpaka kesho; Mombasa nzima imejengwa kwa mawe ya timbo. Lakini yale matumbawe laini ya kuchonga madaka na mihirabu yalikatwa baharini yangali mabichi, yakichongeka kirahisi, kisha yakaanikwa yakawa magumu. Hayo sasa hakuna anayeyagusa. Eneo kubwa la bahari hii ni hifadhi, na aliyekuwa mkataji jana ndiye mlinzi wa matumbawe leo kwa sababu wageni huja kuyatazama yakiwa hai. Na chokaa ya kuchoma kwa tanu ya magogo nayo yataka kuni ambazo hakuna. Kwa hiyo nyumba ya bibi hairudiwi. Yatengenezwa tu. Kila akitia saruji, saruji huukaba ukuta usipumue na chokaa ya ndani huanza kubanduka. Alinionyesha pahala palipobanduka nyuma ya kitanda, pakiwa na umbo la ramani ya Afrika, akasema fundi wa chokaa anayemwamini umri umempita na hapandi tena ngazi.

Kwa hilo sina furaha ya mtalii kabisa. Pesa tulizolipa zilikuwa kidogo kuliko za kontena.

Adhuhuri tukavuka. Kutoka Shimoni hadi Kwale ni kazi: boda hadi njia kuu, matatu hadi Kombani, nyengine ya kupanda mlima. Nitayaruka mengi hapa. Mdogo wangu alilala njia nzima begani kwangu, na mimi nilishika mkoba wa pweza mkavu aliopewa na bibi, ambao abiria wote waliujua upo.

Nyumba ya mtini, kwa picha, ilikuwa kilele cha wikendi. Kusema kweli haikuwa mtini. Ilikuwa ya mbao juu ya nguzo ndefu, kando ya msitu, na mti mmoja umepitishwa katikati ya baraza lake ili jina lisiwe uongo. Ngazi ishirini na kitu. Choo chini, jambo ambalo picha zilikuwa hazikulitaja.

Lakini ile baridi! Milima ya Shimba si mirefu, lakini kwa mtu wa kisiwani yatosha. Ukungu ulipanda saa kumi na mbili jioni ukaingia chini ya nyumba, ukapita kati ya nguzo, ukaendelea na safari zake. Tulivaa kila tulichokuwa nacho, hadi buibui juu ya buibui. Mlinzi akatuletea blanketi la pili na masharti: chakula kisiachwe nje kwa ajili ya nyani, na tukitaka choo usiku tumulike kwanza, tusikilize, ndipo tushuke.

"Kusikiliza nini, kaka?"

"Ndovu. Wakipita hupita kimya, ila matawi hayanyamazi."

Ndovu wa Shimba walizidi msitu mpaka mwaka 2005 shirika la wanyamapori likawahamisha 150 hivi kwenda Tsavo Mashariki. Waliobaki bado wanatosha kumfanya mtu abane mkojo hadi alfajiri, na tulibana.

Hapa nilizipenda nguzo. Zina kazi tatu kwa mpigo: ndovu apite, upepo upite, mchwa asipite, maana kila nguzo ilikuwa imevikwa kofia ya bati pale inapokutana na sakafu. Ule mti wa katikati ya baraza hauna kazi yoyote, na kwenye tundu lake mvua huingia.

Mlinzi akatuambia pia, tukiwa tumejikunyata na chai, kuwa chemchemi za Marere ziko upande ule wa bonde. Marere! Maji ambayo Mombasa imeyanywa tangu enzi za babu zetu, na ambayo kwangu Tudor hufika yakitaka. Nikamwomba jagi, nikanywa glasi mbili mfululizo, kwa kulipiza kisasi.

JUMATATU

Alfajiri tukapata nafasi kwenye gari la familia moja ya Changamwe iliyokuwa ikiingia hifadhini, tukachangia mafuta na kulipia tiketi zetu kwa simu kwenye eCitizen. Tulimtaka palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu. Shimba ndiko kwake peke yake katika Kenya nzima, na hifadhi ilitangazwa mwaka 1968. Tuliona madume mawili kwenye nyasi, weusi wa kung'aa, tumbo jeupe, pembe zimepinda kwenda nyuma mpaka karibu na mgongo. Baba mwenye gari alizima injini. Watoto wake watatu, ambao njia nzima walikuwa wakigombania dirisha, wakanyamaza wenyewe. Dume moja likatutazama, likaona hatuna maana, likaendelea kula.

Familia ile ilikuwa yarudi kwa Dongo Kundu, wakatupa lifti. Juu ya madaraja yale marefu, maji na mikoko chini, mdogo wangu akatoa simu. Nikadhani ataniwekea nyumba nyengine usoni, na kweli, ilikuwa nyumba: ya ghorofa, kuukuu, Takaungu, karibu na mkono wa bahari. Chupa za rangi zimejengewa ukutani kupitisha mwanga. Kitanda chaning'inia kwa minyororo.

"Kabla hujalipa," nikamwambia, "muulize dirisha kubwa laelekea wapi. Muulize umeme ukikatika upepo waingilia wapi. Muulize maji yatoka wapi, na choo kiko ghorofa gani. Na hicho kitanda, minyororo imefungwa kwenye nini."

Mama wa ile familia, aliyekuwa kiti cha mbele na hakuzungumza tangu Kwale, akageuka. "Na muulize kama mwenyewe hulala humo."

Mdogo wangu akaandika yote, neno kwa neno, akatuma. Alama mbili za samawati zikatokea papo hapo. Jibu, mpaka twashushwa Changamwe, lilikuwa bado.